Hawa Bageni, Unabajua?

Mvua ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, haipigi hodi. Siku ile ya soko iliteremka kutoka milima ya Fizi ikiwa imekwisha kukasirika, ikawakuta watu katikati ya kelele zao. Wauza ndakala walivuta mabeseni yao ya dagaa, wauza vitambaa vya vikwembe wakakumbatia mali yao kama watoto, na waendesha pikipiki wakajiingiza chini ya vibanda vya watu bila aibu. Libère Nzohabonayo, kinyozi, alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja wake upepo ulipong'oa shitingi, turubai la kibanda, upande mmoja. Maji yakaanza kuimwagikia betri ya sola, ile iliyokuwa inachaji simu za nusu ya soko.

Alitazama huku na huku akitafuta mti wa kuinulia shitingi. Hakuuona. Ndipo mkono ulipotokea juu ya kichwa chake. Ulikuwa mrefu, mwembamba, na vidole vyake havikuwa na haraka ya kwisha. Ukashika ukingo wa shitingi na kuurudisha mahali pake.

"Funga mbio, kaka. Mukono yangu si nguzo."

Libère alifunga kamba, kisha akageuka, kisha akainua macho, kisha akayainua tena. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, miwani mikubwa puani, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Ni Divine, fundi wa cherehani wa safu ya pili. Alikuwa amekimbilia simu yake isilowe.

"Dada," Libère akasema, "Mungu alikupima na nini?"

"Na tepu nzima. We alikupima na ile yenye ilibakia."

Mteja aliyenyolewa nusu alicheka mpaka akataka kuanguka kwenye kiti. Libère naye akacheka, ingawa ufupi wake ulikuwa jambo ambalo watu hawakumtania bila kujibiwa.

"Unachezaka voleyi?"

"Mi nashonaka."

"Mikono kama hii kushona tu, ni zambi."

"Zambi ni kunyoa muntu nusu kichwa na kumuacha. Tazama mugonjwa wako."

Libère alikuwa na sababu ya kuuliza. Kabla ya kukimbia Burundi na kufika kambi ya Lusenda, alikuwa amecheza voleyi mpaka watu wakalijua jina lake mtaani kwao. Kwa kimo hakuweza kupiga juu ya wavu, lakini aliujua mchezo kama anavyoujua wembe wake. Hapa Baraka alikuwa na timu ya wasichana iliyofanya mazoezi kwenye uwanja wa parokia, na timu hiyo ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu mrefu.

Basi alianza na voleyi. Ukweli ni kwamba haukupita muda kabla hajasahau kwamba alianza na voleyi.

Vibanda vyao vilitenganishwa na safu moja ya wauza nyanya, lakini walipigiana simu kama watu wa nchi mbili.

"Alo, munara wangu? Rezo ya simu iko?"

"Iko kidogo, mufupi yangu. Panda juu ya kiti ndiyo utaipata."

"Umekula?"

"Nimekula maneno yako ya jana. Hayashibishi. Leta samaki."

Alileta samaki. Alileta na sukari, na siku moja alileta mkufu mdogo, akalazimika kupanda kwenye benchi ili amvalishe, na wauza nyanya wakapiga vigelegele. Alipenda kumwangalia akishona: vidole vile vikiongoza kitambaa, shingo ikiwa imeinama, miguu ikiwa imekunjwa mara mbili chini ya cherehani iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Alipenda hasa ule urefu. Aliusifu asubuhi na jioni. Hilo ndilo lililokuja kumkaa kooni baadaye.

Uwanjani Divine alijifunza haraka. Akiinua mikono kwenye wavu, mpira ulikuwa haupiti. Lakini alikuwa akisimama katikati ya mazoezi, mikono magotini, mdomo wazi.

"Libère, moyo yangu inaruka kama ndakala ndani ya wavu."

"Ni mazoezi, sheri wangu. Utazoea."

"Na kifua kinabana."

"Bote kifua kinababana. We unaonekana zaidi kwa kuwa unaonekana toka mbali."

Alisema kwa mzaha, naye alicheka. Mara nyingine hakucheka.

Ikaja mechi ya mwisho ya mashindano, na timu ya Fizi ikateremka kutoka mlimani ikiwa imejaa gari, na ngoma, na wazee wao, na maneno yao. Uwanja wa parokia ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Divine alimvuta Libère nyuma ya kanisa. Alikuwa amevaa bukta ya bluu na jezi aliyoirefusha mwenyewe kwa kipande cha kitenge, na paji la uso wake lilikuwa na jasho kabla hajagusa mpira.

"Leo uniache nikae."

"Nini?"

"Sijisikie muzuri. Nikisimama naona giza. Weka muntu mwingine."

Libère alisikia ngoma za Fizi. Alisikia wasichana wake wakiimba. Miaka yote ile ya kuitwa mkimbizi ilikuwa imemngoja kwenye mstari wa uwanja huu, na sasa mtu mrefu pekee aliyekuwa naye alikuwa anaomba kukaa.

"Divine, muji muzima uko pale! Bantu ba Fizi banatucheka, na we unaniletea uvivu? Ukikaa leo, ujue ni mimi unanikalia kichwani."

Divine alimtazama kwa miwani yake mikubwa. Alikaza kitambaa kichwani, akaingia uwanjani.

Alicheza vizuri kuliko siku zote. Kwenye seti ya mwisho mpira uliinuliwa juu sana, naye akaufuata, mwili mzima ukanyooka hewani, akaupiga ukazama kati ya wasichana wawili wa Fizi. Baraka ililipuka. Watu waliruka, watu walikumbatiana. Libère mwenyewe alikuwa amefumba macho kwa furaha, ngumi juu, kwa hiyo hakuona Divine alivyoanguka. Alipofumbua macho aliona gauni la muuguzi wa parokia likikimbia, na Divine chini, mkono mmoja mrefu umelala nje ya mstari.

Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Miguu ya Divine iliburuzika vumbini kwa sababu aliyembeba alikuwa mfupi.

*

Daktari wa Baraka alikuwa kijana mwenye maneno machache. Alisikiliza kifua cha Divine mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa: akamwambia afiche kidole gumba ndani ya ngumi. Kidole kikachomoza upande wa pili. Akamwambia azungushe vidole kwenye kifundo cha mkono mwingine. Vidole vikapishana na nafasi ikabaki.

"Baba yake alikuwa murefu?" akauliza.

"Sana," akajibu Mama Suzanne, mama yake Divine, aliyekuwa amekuja mbio na kikwembe kimefungwa vibaya. "Alianguka kule Ubwari akivuta wavu ya samaki. Hakuamka. Tulisema bamemupa sumu. Mpaka leo hatusalimiane na ule jirani."

Daktari aliviringisha kifaa chake cha kusikilizia. Kisha akaeleza polepole. Kuna watu wanaozaliwa hivi. Ile nyama inayoshikanisha mwili, iliyoko kwenye ngozi, kwenye macho, kwenye mifupa na kwenye moyo, kwao ni laini kupita kiasi. Ndiyo sababu ya urefu ule. Ndiyo sababu ya vidole na miwani. Na ndani ya moyo wa Divine mlango mmoja ulikuwa umelegea; haufungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Moyo kama huo haufai kukimbizwa. Unataka kutengenezwa, na hapa hakuna wa kuutengeneza.

"Hakuambia muntu kama anachoka?" daktari akauliza. "Hivi vitu vinaonyeshaka dalili."

Libère alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja cha Divine mkononi. Akafungua mdomo.

"Sikuambia muntu," Divine akasema kutoka kitandani, haraka. "Nilinyamaza mwenyewe."

Mdomo wa Libère ukafunga. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, na ilipita mbele yake kama pikipiki isiyosimama. Mama Suzanne alimshika mikono yote miwili, akalia juu yake.

"Mwanangu, kama si wewe kumubeba, leo ningekuwa namuzika. Mungu akubariki."

Tangu siku hiyo baraka hiyo ilimwasha kama pilipili ndani ya jicho. Sokoni watu walimpa mkono: kochi aliyeokoa mchezaji wake. Muuza nyanya alimpa nyanya. Kila mtu alipomshukuru, alijiona mwizi anayeshangiliwa na wenye nyumba.

Akabadilika. Alimtembelea Divine kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Alimkataza kubeba maji. Alimkataza kukanyaga cherehani. Alimpigia simu mpaka betri ya soko ikalalamika.

"Alo, Divine? Unapumua vizuri?"

"Kama sipumui ningepokea na nini?"

"Umekunywa dawa?"

"Libère. Niite munara."

"Pole. Pumuzika tu."

Hakumwita mnara tena. Aliona aibu. Kila alichokuwa amekisifu kwa msichana yule kilikuwa ugonjwa, naye alikuwa ameusifu, akaufanyisha mazoezi, akaurusha juu ya wavu mbele ya mji mzima. Sasa aliongea naye kwa sauti ya watu walio msibani. Divine alimtania, naye akauliza habari za dawa. Alimchokoza, akasema pole. Siku moja alimrushia kitambaa usoni, naye akakikunja vizuri na kukiweka mezani.

Ukoo wa Divine ulipokubaliana kumpeleka Dar es Salaam, kwa kupitia kwa shangazi yake Émilienne aliyebaki Kigoma tangu zamani za ukimbizi, kanisa likasaidia na safari ikapangwa. Libère naye akapanga lake. Atamchumbia kabla hajasafiri. Akifa, afe akiwa na mtu. Akipona, awe na mtu wa kumbebea maji maisha yake yote. Alikwenda Lusenda akamchukua Mzee Nijimbere, aliyekuwa jirani ya baba yake huko kwao, na wanaume wengine wawili wenye makoti. Wakanunua kreti za soda na za bia, wakaja kujitambulisha.

Nyumba ya Mama Suzanne ilifagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Divine alitoka chumbani amevaa kikwembe cha rangi ya zambarau na blauzi ya mikono mirefu, akapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa, akasimama pembeni ya Mzee Néhémie, baba yake mdogo. Vinywaji vilikuwa katikati ya chumba. Havifunguliwi mpaka msichana aulizwe, ndivyo ilivyo. Kila mtu anajua jibu litakalotoka, na kuuliza ni heshima tu. Mzee Néhémie akakohoa.

"Mwanangu, banaume hawa banatoka mbali na banaleta vinywaji. Hatuwezi kunywa vitu ya bantu hatubajui. Hawa bageni, unabajua?"

Libère alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja hukumu. Divine alikitazama kichwa kile kilichoinama.

"Sibajui," akasema.

Mtu mmoja akacheka akidhani ni mzaha. Mzee Néhémie akauliza tena kwa upole. Divine akarudia neno lile lile, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wageni wakainuka. Wakabeba kreti zao zikiwa zimejaa, zikigongana njia nzima. Walipofika barabarani Mzee Nijimbere akamgeukia Libère.

"Ulimukosea nini yule mutoto?"

"Vyote," Libère akasema.

*

Basi alijua kwamba hakusamehewa. Aliliona ni haki. Hakuenda kuuliza, hakupiga simu. Siku boti la Kigoma lilipomchukua Divine, Libère alikuwa kibandani akimnyoa mtu, akausikia mlio wa injini ukiondoka ziwani, na mashine ya kunyolea ikanyamaza mkononi mwake.

"Kochi, umeme umekatika?" mteja akauliza.

"Hapana," akasema, akaiwasha tena.

Wiki iliyofuata alikwenda Lusenda akaandikisha jina lake kwa wanaorudi Burundi.

Simu ililia saa za mchana, jua limesimama juu ya shitingi. Namba ilikuwa ya Tanzania.

"Alo?"

"Nasikia unarudi kwenu."

Libère akakaa chini.

"Divine. Uko... unapumua viz..."

"Ukiniuliza kama napumua, nakata."

Libère akaisogeza simu karibu na sikio.

"Unarudi kwa kuwa umechoka ukimbizi," akasema Divine, "ama unanikimbia mimi?"

"Ni we ulisema hunijui."

"Nilisema kweli. Mi nilijua muntu mufupi, mwenye kelele, mwenye kunicheka. Siku ile alikuja mwingine, ameinamisha kichwa kama anamuzika muntu. Ulikuja kuoa kosa lako, Libère. Hukuja kwa ajili yangu."

"Lakini ile kosa iko. Uliniambia. Nilikusukuma. Na kwa dokteri nikanyamaza, na mama yako akanibariki..."

"Najua. Nilikuwa pale. Mi ndiye niliyelala kitandani."

Nyuma yake kulisikika vitanda vya magurudumu na sauti ya mwanamke akiita jina la mtu kwa Kiswahili cha pwani. Divine akashusha sauti.

"Kesho ndiyo wananipasua. Wamepima mushipa mukubwa yenye inatoka kwa moyo. Kama ingekuwa imepanuka, bangenifungua kifua chote kama mulango ya gari. Wamesema bado iko sawa. Basi watapitia hapa kando, chini ya titi, katikati ya mbavu. Tundu ndogo tu. Wanaingiza kamera na vyuma virefu, virefu sana."

"Kama vidole vyako."

Divine akacheka. Kicheko kilitoka ghafla, cha zamani, kile cha sokoni.

"Pole!" akasema Libère. "Sikutaka..."

"Ah, umeharibu! Ulikuwa umeanza kuwa muntu." Akavuta pumzi. "Shida ni uzi. Nyama yangu ni kama shuka imechakaa. Ukikaza mushono, uzi unakata kitambaa. Kwa hiyo wanaweka kiraka kidogo chini ya mushono, halafu wanazungusha pete kwa mulango ili isipanuke tena. Mi nikamwambia dokta, hata mi nafanyaka hivyo kwa mashuka ya bamama ba parokia."

"Na mushono ikikataa?"

"Basi wataondoa mulango yangu, waweke ya chuma. Hapo ni dawa ya kufanya damu ikuwe nyepesi, mpaka kufa. Na damu inatakiwa kupimwa kila wakati. Baraka watapimia wapi? Itabidi nibaki huku Tanzania, kwa Shangazi. Na kuzaa, tusahau. Hata ikikubali, wamesema mambo ya mimba nisiyafanye bila kuwauliza. Na mutoto anaweza kutoka kama mimi, kama baba. Nakwambia leo ili usije kusema hukuambiwa."

Libère alitafuta neno. Yote aliyoyapata yalikuwa pole.

"Usiseme kitu," akasema Divine. "Naogopa, mufupi. Nilitaka tu kusikia sauti yako ikiwa na kelele nyuma. Kelele za soko. Iweke simu hapo mezani, uendelee kunyoa."

Akaiweka mezani. Akamwita mteja. Mashine ikalia, wauza nyanya wakagombana, pikipiki ikapiga honi, na simu ikabaki wazi mpaka salio la simu ya Shangazi Émilienne, aliyemfuata hospitalini, likaisha.

Siku ya pili yake alikaa kati ya simu zote za soko zinazochaji, na kila moja ilipolia, moyo wake uliinuka kisha ukaketi. Alisali kidogo, vibaya, kama mtu asiyestahili kuomba. Jua lilikuwa linateremka alipomwona Mama Suzanne akija kati ya safu za vibanda, kitambaa kimemtoka kichwani, na hakujua uso ule unaleta nini mpaka alipofika.

"Ameamka! Mushono umeshika! Mulango ni yake mwenyewe, si ya chuma!" Akamkumbatia kinyozi pamoja na mashine yake. "Na kitu cha kwanza ameuliza, kama we umeshaenda Burundi."

Siku magari ya kurudisha watu yalipokuja Lusenda, jina la Libère Nzohabonayo liliitwa, likaitwa tena, na hapakutokea mtu.

*

Divine alirudi msimu wa mihogo mipya, mwembamba zaidi, na kovu dogo ubavuni ambalo wanawake wa soko waliomba kuliona wakarudi wakisema haiwezekani, tundu kama hilo haliwezi kupitisha hata ndizi. Libère alimpokea kwa heshima. Alimletea mto wa kuegemea. Divine aliutazama mto, akamtazama yeye, akaupa mbuzi wa jirani aulalie.

Kuruka alikatazwa milele. Lakini parokia ilikosa mwamuzi, na Divine aliujua mchezo. Waamuzi wengine hupanda meza ili waone juu ya wavu. Yeye alitosheka na kreti moja tupu ya bia. Akasimama juu yake na gauni la njano lenye ndege wa bluu, filimbi shingoni mahali pa tepu, na Baraka nzima ikaja kumtazama, maana timu ya Fizi ilikuwa imeteremka tena.

Seti ya mwisho. Msichana wa timu ya Libère akapiga mpira, ukazama, watu wakalipuka. Filimbi ikalia. Divine akanyoosha mkono upande wa Fizi: pointi ni yao, mpigaji amegusa wavu.

Libère alifika chini ya kreti kabla hajajua miguu yake imeondoka.

"Amegusa wapi? Wapi! Miwani yote ile na huoni kitu! Walikutengeneza moyo wakasahau macho?"

Uwanja ukanyamaza. Hata ngoma za Fizi zilinyamaza. Libère alisikia maneno yake yakimrudia. Ni pale pale, mita chache kutoka pale Divine alipokuwa amelala, na ni yeye yule anampigia kelele. Akainua mikono kuomba radhi.

Divine alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu wenye kovu, na kreti ikatikisika.

"Huyo!" akasema. "Ulikuwa wapi siku zote hizo?" Kisha akachomoa kadi ya njano, akainua mkono wote ulivyo, juu kabisa, ili hata walio ukutani waione. "Kochi, rudi pale ukae. Na kesho kutwa tuma bazee."

Wakaja tena, makoti yale yale, kreti mpya. Mzee Nijimbere alikuwa na wasiwasi wa wazi. Divine akatoka, akasimama pembeni ya baba yake mdogo. Mzee Néhémie akakohoa. Lakini Libère aliinuka kabla ya swali, kinyume cha desturi, na Mzee Nijimbere akamvuta koti bila kufanikiwa.

"Mama," akamwambia Mama Suzanne, "kabla mumuulize. Ile siku ya kuanguka alikuwa ameniambia. Alinieleza anaona giza, nikamwita muvivu, nikamuingiza. Kwa dokteri alinificha, na mi nikajificha nyuma yake. Ulinibariki bure."

Mama Suzanne aliitazama ile mikono ya kijana, aliyoililia siku ile. Uso wake ukakazana, na watu wakadhani atampiga. Akainuka, akatoka nje. Wakasikia sufuria jikoni zikiwekwa kwa nguvu, moja baada ya nyingine. Alikaa huko muda wa kutosha kwa kila mtu kuchunguza viatu vyake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaketi.

"Endelea kuuliza," akamwambia shemeji yake.

Mzee Néhémie hakuwa tena na uhakika wa jibu, na swali likamtoka kama swali kweli.

"Divine. Hawa bageni, unabajua?"

"Ninabajua," akasema. "Huyu mufupi ninamujua sana. Na hiyo amesema sasa, mi nilikuwa naijua tangu mwanzo."

Vigelegele vilianza nje dirishani, kwa wauza nyanya waliokuwa wanasikiliza. Libère alikaa, na ile pilipili ya zamani bado ilikuwa ndani ya jicho, imepungua tu. Mama Suzanne mwenyewe ndiye aliyechukua kifungulio. Chupa ya kwanza alimpa Mzee Nijimbere. Ya pili alimpa binti yake. Alizunguka chumba kizima, mtu kwa mtu, na ya mwisho kabisa akaja kuisimamisha mbele ya Libère, kwa kishindo, bila kuifungua.

"Yako fungua na meno," akasema.

Naye akaifungua na meno.